Mvua Ikianza Tusipotee: Kudumisha Moyo Katika Mbio Ndefu za Vuli

(Maneno haya yalisemwa mbele ya vikundi vya kujisaidia vya Keumbu na majirani zake. Tumeyaandika ili wale ambao hawakuwepo wayasome, na waliokuwepo wayajadili tena polepole kwenye mikutano yao.)

  Mmetuomba tuzungumze juu ya vijana wetu wanaofanya mazoezi ya mbio ndefu, na hasa jambo moja ambalo limesumbua vikundi vingi. Mwezi wa Agosti vijana ni wengi, barabara inajaa, kila mtu anasema atakuwa bingwa. Ikifika mwisho wa Oktoba tunahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Wengine wamepotelea wapi? Na tufanye nini wasipotee?

Sisi tunaosema nanyi si wataalamu wa kutoka mjini. Ni wazazi na vijana ambao tunatoka pamoja alfajiri, wengine wakikimbia, wengine wakifuata nyuma na saa na chupa ya maji. Tutawaambia yale tunayoyaona kila wiki, na mengine ambayo yanajulikana katika historia ya wakimbiaji wetu wakubwa.

VULI YETU NI IPI?

Huko Ulaya na Marekani, vuli ni miezi ya Septemba mpaka Novemba. Majani ya miti yanaanguka, baridi inaanza, na jua linatua mapema kila siku. Lakini ndiyo miezi ya mashindano makubwa ya marathoni: Berlin mwezi wa Septemba, Chicago mwezi wa Oktoba, New York mwezi wa Novemba. Mkimbiaji wa huko akichoka, anaona siku ya mashindano iko mbele yake. Hiyo inamvuta.

Huku kwetu vuli ni mvua. Jua letu halibadiliki sana, linachomoza na kutua karibu na saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Giza la mapema si shida yetu. Shida yetu ni tope, radi, na kazi. Ni wakati wa kupalilia mahindi ya msimu wa pili. Majani chai yanachipuka haraka kwa sababu ya mvua, na ni lazima yachunwe. Wanafunzi wa darasa la mwisho wana mitihani. Viatu havikauki. Na zaidi ya yote, hakuna mashindano yanayoonekana karibu. Kijana anatoka peke yake kwenye ukungu, miguu imejaa udongo mwekundu, anajiuliza: nakimbilia nini?

Swali hilo ni la haki. Tusimjibu kwa kumkemea kwamba ni mvivu. Jibu liko katika ile kazi ambayo mbio ndefu inafanya mwilini.

MBIO NDEFU INAFANYA KAZI POLEPOLE

Mtu akikimbia polepole kwa muda mrefu, mara kwa mara, moyo wake unapata nguvu ya kusukuma damu nyingi kwa pigo moja. Mishipa midogo midogo inaongezeka ndani ya misuli. Misuli inajifunza kutumia mafuta ya mwili na kuweka akiba ya sukari. Mifupa na mishipa ya miguu inakomaa. Lakini mambo haya yote yanachukua wiki nyingi na miezi. Hakuna siku hata moja ambayo kijana ataamka aseme, leo nimeona faida. Ni kama mkahawa: unapanda, unapalilia, na kwa muda mrefu huoni hata tunda moja.

Ndiyo maana vuli ina thamani. Anayetaka kukimbia vizuri mwaka ujao, msingi wake unajengwa wakati huu ambapo hakuna anayepiga makofi. Na ndiyo maana pia ni rahisi kuacha, kwa sababu malipo hayaonekani.

WALIOTUTANGULIA

Sisi watu wa Gusii tusijidharau. Kabla Kenya haijapata uhuru, Nyandika Maiyoro wa Kisii alikimbia mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956 akawa wa saba. Hakuachia hapo. Miaka minne baadaye, Roma mwaka 1960, akawa wa sita. Fikirieni hiyo miaka minne ilikuwa na asubuhi ngapi, kwa ajili ya kupanda nafasi moja!

Naftali Temu ndiye aliyeipa Kenya medali yake ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki. Ilikuwa Mexico City, tarehe 13 Oktoba 1968, katika mita 10,000. Zilipobaki mita chache Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa mbele, lakini Temu akampita karibu na utepe. Tofauti yao ilikuwa sekunde moja kasoro, yaani 0.6 tu, baada ya mizunguko 25. Siku chache baadaye akapata shaba katika mita 5,000, na bado akaingia marathoni akamaliza wa 19.

Tunataka mkumbuke jambo moja juu ya Temu: alikuwa askari jeshini. Sasa, askari haulizwi alfajiri kama ana hamu ya kuamka. Saa imefika, wenzake wametoka, naye anatoka. Hamu inamkuta njiani. Vijana wetu wengi wanafanya kinyume. Wanangoja hamu ije kwanza ndipo wavae viatu, na asubuhi ya mvua hamu haiji.

Yobes Ondieki alikuwa mtu wa kwanza duniani kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 27. Ilikuwa Oslo, tarehe 10 Julai 1993, dakika 26 na sekunde 58.38. Gawanyeni kwa mizunguko 25 mtaona kila mzunguko ulikuwa kama sekunde 65. Hakuna mtu anayeweza kukimbia dakika 27 kwa mara moja kichwani mwake. Anakimbia mzunguko mmoja, halafu mwingine.

Na siku hizi tuna dada yetu Hellen Obiri, mzaliwa wa Kisii. Alikuwa ameshakuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mara mbili, mwaka 2017 na 2019, akiwa mama. Alipoingia marathoni kwa mara ya kwanza, New York mwezi wa Novemba 2022, alimaliza wa sita. Bingwa wa dunia, wa sita! Angeweza kusema barabara si yangu, narudi uwanjani. Lakini alirudi kwenye mazoezi pamoja na kikundi chake huko Boulder, Colorado. Aprili 2023 akashinda Boston. Novemba 2023 akashinda hiyo hiyo New York, na mwaka 2025 akaishinda tena. Mashindano ya vuli yalimkataa mara ya kwanza, naye akayarudia.

EGESANGIO YA MIGUU

Wazee waliopo hapa wanajua egesangio. Majirani wachache wanakubaliana: leo tunalima kwako, kesho kwangu, kesho kutwa kwa yule. Shamba ambalo mtu mmoja angelitazama akakata tamaa, watu sita wanalimaliza wakiimba. Na kuna nguvu nyingine ndani yake ambayo hatuitaji sana: mtu anaona aibu kukosa zamu ya mwenzake. Jembe lake linaamka hata kama mwili hautaki.

Hilo ndilo neno letu kubwa leo. Moyo wa kukimbia haudumu kwa sababu tumemhimiza kijana kwa maneno matamu. Unadumu kama kuna wenzake wanaomngoja, siku inayojulikana, saa inayojulikana, na kazi iliyogawanywa vipande.

Hata wakubwa wa leo wanafanya hivyo. Eliud Kipchoge kwa miaka mingi alifanya mazoezi na kikundi huko Kaptagat chini ya kocha Patrick Sang. Alhamisi ilikuwa siku ya mbio ndefu, wiki moja kilomita 30, nyingine kilomita 40, wote wakitoka pamoja alfajiri. Kambini wanasaidiana kufagia na kusafisha, bingwa kwa mwanagenzi. Na alipokimbia kilomita 42 chini ya saa mbili huko Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, kwa saa 1:59:40, wakimbiaji wengi walipokezana zamu kumtangulia na kumkinga upepo. Kwa sababu ya msaada huo haikuhesabiwa kuwa rekodi rasmi. Lakini tuangalie somo lake: mtu tunayemsifu kwa moyo mgumu kuliko wote alihitaji wenzake wengi siku ya kazi yake ngumu. Sasa kijana wa Birongo au Kegati atawezaje peke yake kwenye ukungu?

NAMNA TUNAVYOKIMBIA

Hapa tutasema mambo ya vitendo, na kila kikundi kichukue kinachokifaa.

Kwanza, tunakwenda kwa muda, hatuhesabu kilomita. Milima yetu haifanani, na tope linabadilisha kila kitu. Ukimwambia kijana akimbie kilomita 15, siku ya mvua ataona ameshindwa. Ukimwambia dakika 80, dakika ni zile zile. Anayeanza aende dakika 40. Kila wiki aongeze kama dakika 10. Wiki ya nne apunguze apumzike kidogo, halafu aendelee kupanda. Mbio ndefu ni mara moja kwa wiki tu. Siku nyingine ni mbio fupi, na siku moja ni ya kupumzika kabisa. Watoto wadogo wasivutwe kwenye mbio za saa mbili, wakati wao utafika.

Pili, mwendo ni wa kuzungumza. Kama huwezi kumwambia mwenzako sentensi nzima bila kukatika pumzi, unakwenda mbio mno. Vijana wengi wanaochukia mbio ndefu, ukichunguza, wanaikimbia kama mashindano kila wiki. Nani atapenda kuteswa kila wiki?

Tatu, na hili tunaliomba mlijaribu, ni kugeuka kwa filimbi. Kwenye kikundi wako wenye nguvu na wako wa polepole. Wakitoka pamoja, baada ya nusu saa wale wa mbele hawaonekani, na wa nyuma amebaki peke yake na mawazo yake. Huyo ndiye atakayekosa wiki ijayo. Basi tunafanya hivi. Kila mtu anatoka kwa mwendo wake. Mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma wana saa. Ikifika dakika 40, filimbi zinapulizwa mbele na nyuma, na kila mtu anageuka pale pale alipo. Sasa wa mwisho amekuwa wa kwanza! Wenye nguvu wana kazi ya kumfikia, na yeye ana sababu ya kujitahidi asipitwe. Kama kila mtu ameshika mwendo wake ule ule, wote wanafika nyumbani karibu pamoja. Hakuna anayechekwa, hakuna anayengojwa kwenye baridi. Na kwa sababu nchi yetu ni ya vilima, tunapenda kuanza na upande wa kupanda, ili kurudi kuwe kuteremka wakati miguu imechoka.

Nne, tunagawanya njia kwa alama. Kutoka sokoni mpaka darajani ni zamu ya mmoja kuongoza. Kutoka darajani mpaka shuleni, mwingine. Anayeongoza anafikiri kipande chake tu, na anayefuata hafikiri chochote, anatazama mgongo wa mwenzake. Hiyo ndiyo mizunguko ya Ondieki, ila sisi tunaihesabu kwa madaraja na mikalitusi.

Tano, kuna ruhusa ya dakika kumi. Kijana akisema leo sina moyo, hatubishani naye. Tunamwambia: njoo dakika kumi tu, halafu ukitaka rudi, hakuna wa kukuuliza. Mara nyingi zikiisha hizo kumi mwili umepata joto naye anaendelea. Na akirudi kweli, pengine ni mgonjwa au amechoka na kazi, basi amefanya vizuri kurudi.

Sita, daftari. Kikundi cha kuweka akiba hakiendi bila kitabu. Mbio pia ni akiba. Kila mmoja aandike tarehe, dakika, hali ya hewa, na alivyojisikia, hata kama ni neno moja. Kipchoge pia anajulikana kwa kuandika mazoezi yake yote kwenye daftari mwaka baada ya mwaka. Mwezi wa Novemba kijana akisema sijapiga hatua yoyote, mfungulie ukurasa wa Agosti. Ataona dakika 40 zilizomtoa jasho, na leo anakwenda 80 akipiga hadithi. Hilo litamsaidia kuliko hotuba yetu hii.

MOYO MZITO AU TUMBO TUPU?

Kuna jambo ambalo wazazi wengi hatulijui. Akiba ya sukari iliyoko kwenye misuli na ini inaweza kuisha baada ya saa moja na nusu au mbili za mbio kali. Ikiisha, si miguu peke yake inayozimika. Kichwa pia kinaingiwa na huzuni. Kijana anaanza kuona mbio haina maana, maisha hayana maana, hata anataka kulia. Sisi tunasema amekosa moyo. Kumbe amekosa chakula!

Kwa hiyo, kabla ya kuhukumu, uliza alikula nini. Jioni ya kuamkia mbio ndefu ale ugali wa kutosha na mboga. Asubuhi anywe uji au chai yenye sukari na apate ndizi mbivu, kama saa moja kabla ya kutoka. Maji anywe hata kama kuna baridi, maana jasho linatoka chini ya ile mvua. Akirudi, ale mapema: chai ya maziwa, viazi vitamu, maharagwe, mayai kama yapo. Chinsaga yetu na mboga nyingine za majani zina madini ya kuongeza damu. Kwa wasichana hili ni muhimu zaidi, kwa sababu wanapoteza damu kila mwezi. Msichana anayechoka kila siku na kuishiwa pumzi kwenye kilima kidogo asiambiwe ni mlegevu. Apelekwe hospitali apimwe damu.

MVUA NA RADI

Mvua yenyewe haiui mkimbiaji. Radi inaua, na sisi watu wa Kisii hatuhitaji kufundishwa jambo hilo. Mvua zetu nyingi na ngurumo huja mchana na jioni. Basi mbio ndefu iwe asubuhi, mtu anapoweza kuona uso wa mwenzake. Mkisikia ngurumo, rudini au ingieni kwenye nyumba. Msisimame chini ya mti, wala kwenye kilima kitupu. Kukatisha mbio kwa sababu ya radi si kushindwa. Kwenye daftari andika tu: radi.

Kwenye lami ya kwenda Keroka, ukungu unawaficha vijana wetu kutoka kwa madereva. Wavae fulana nyeupe au ya rangi kali, wakimbie upande wa kulia wakitazama magari yanayokuja, mmoja nyuma ya mwingine. Vijia vya udongo ni laini kwa magoti, lakini vikiloa vinateleza. Hapo fupisha hatua, usishindane na mteremko. Viatu vikiloa vijazwe karatasi za gazeti kuukuu vikauke kivulini, visiwekwe juu ya moto vikapasuka. Na nguo kavu iwe inangoja pale mnapomalizia. Sweta kavu na kikombe cha chai kimewarudisha vijana wiki iliyofuata kuliko mahubiri ya kocha.

Mwenye homa asikimbie hata kidogo, aende apimwe malaria. Mwenye maumivu yanayomfanya achechemee asimame. Kuna uchovu wa kuvumilia na kuna ugonjwa wa kutibiwa, na kikundi kizuri kinajua tofauti.

MABINTI ZETU

Vijana wa kike wanaacha mapema kuliko wa kiume, na si kwa sababu miguu yao ni dhaifu. Nyumbani kuna maji ya kuteka, watoto wa kutazama, chakula cha kupika. Njiani kuna giza na maneno ya watu. Kama tunataka wadumu, akina mama wa kikundi wapange nani atashika kazi ya nyumbani asubuhi ile moja ya mbio ndefu. Saa mbili tu kwa wiki. Hiyo nayo ni egesangio.

Na usalama wao ni juu yetu sote. Agnes Tirop, bingwa wa dunia wa mbio za nyika wa mwaka 2015, aliuawa nyumbani kwake Iten mwezi wa Oktoba 2021, akiwa na miaka 25 tu. Kifo chake kiliamsha nchi nzima kuona jinsi wasichana wanaokimbia wanavyoweza kuzungukwa na watu wanaotaka mali yao na maisha yao. Msichana asiachwe mikononi mwa mtu mmoja anayejiita kocha. Aende na wenzake, mama mmoja awe karibu, na pesa yake ikipatikana iwe kwa jina lake mwenyewe.

TUSIWADANGANYE

Sasa tuseme jambo gumu. Wengi wetu tunawapa vijana moyo kwa kuwaahidi pesa. Tunawaambia: kimbia, utajenga nyumba ya ghorofa, utanunua gari. Ahadi hiyo inafanya kazi Agosti. Mvua ya kwanza inaiua, maana pesa haionekani kwenye tope. Na ikidumu, inaweza kufanya vibaya zaidi. Kenya ina wakimbiaji wazuri maelfu, na wanaoishi kwa mbio ni wachache. Kijana aliyeambiwa atakuwa tajiri, akiona miaka inapita, anajiona takataka. Anaona aibu kuja hata kwenye mkutano wa kikundi. Tunakuwa tumempoteza mara mbili, kwenye mbio na kwenye kikundi. Mwingine anaanza kutafuta njia ya mkato. Katika miaka ya karibuni wanariadha wengi wa Kenya wamefungiwa kwa sababu ya dawa zilizokatazwa, na wengine walizianza kwa mtu aliyewaambia ni vitamini tu. Kijana asidungwe sindano wala asipewe kidonge na mtu asiye daktari anayejulikana.

Basi tuwaambie ukweli. Ukikimbia mwaka mzima na wenzako, pengine utakuwa Temu au Obiri, na pengine hapana. Lakini haya utayapata bila shaka: mwili wenye afya, rafiki waliokuona ukichoka, na uzoefu wa kumaliza jambo refu. Aliyejifunza kutoka alfajiri ya Novemba bila kupigiwa makofi, huyo anaweza kusimamia shamba, biashara, au mkopo wa kikundi. Ukweli huo unavumilia mvua.

KAZI YA KIKUNDI

Hatuombi kikundi kinunue viatu vya bei ghali. Tunaomba mambo matano. Chagueni siku moja ya mbio ndefu, mkikumbuka kwamba wengine wanapumzika Jumamosi kwa Sabato na wengine wanasali Jumapili, asije mtu akafungiwa nje. Wekeni watu wazima wawili wa zamu wenye saa na filimbi. Nunueni daftari moja kwa kila kijana. Pangeni uji au chai ya kumalizia, kila nyumba zamu yake. Na mtu akikosa mara mbili mfululizo, mtumeni mwenzake aende kwao kumwona, bila kumgombeza, kumuuliza tu kuna nini nyumbani. Mara nyingi mtagundua kuna mgonjwa, au karo, au kiatu kimoja kimechanika. Hayo kikundi kinaweza.

Vuli hii mvua itanyesha tu. Kabla haijashika, hesabuni vijana wenu leo na mwandike majina. Mwisho wa Novemba hesabuni tena.

MASWALI YA KUJADILI KWENYE KIKUNDI

1. Ni vijana gani walioacha mazoezi msimu uliopita? Kuna mtu aliyekwenda kuwaona? Walisema nini?

2. Siku gani na saa gani inafaa kwa mbio ndefu hapa kwetu, ili wasichana na wanafunzi waweze pia?

3. Njia gani ni salama mbali na magari? Mkinyeshewa, mtajikinga nyumba ya nani?

4. Sisi wazazi tumewaahidi vijana nini? Je, ni kweli?

5. Nani atashika saa na filimbi wiki ijayo? Andikeni jina lake kabla ya kuondoka.